Pawa baa ya nusu inchi na soketi za pembe sita: nimezipiga kazi kwenye bushi za nyuma za Forester

Wakuu habari zenu, hii pawa baa (chuma kirefu cha kufungulia nati zilizogoma) ninayo mwezi wa nne sasa, nimeona niiandikie kwa sababu siku nainunua nilitafuta sana mtu aliyeitumia kwenye kazi ngumu anieleze nikakosa. Ni ya nusu inchi pale inapovaa soketi, urefu sentimita 60, kichwa kinapinda, nilichukua Gerezani, Dar, elfu 35, na soketi nyeusi za impakti (zinazohimili kishindo) pembe sita, namba 14, 17 na 19, elfu 7 kila moja. Haina jina la maana, imeandikwa tu chrome vanadium kwenye mpini.

Gari ni Subaru Forester ya 2005, nyuma ilikuwa inagonga kila tuta na tairi zinalika upande wa ndani. Nikachungulia nikakuta bushi za linki zimechanika, mpira umeachana kabisa na chuma (linki ni mikono ya chuma inayoshikilia tairi, bushi ni mpira wenye kibomba cha chuma katikati pale zinapofungwa). Sasa hizi Forester za mwili huo kila upande wa nyuma zina linki mbili, moja mbele moja nyuma, na zote mbili zinashikwa kwenye habu (chuma kinachobeba tairi) na bolti moja ndefu inayopita katikati. Hiyo bolti ndo ugomvi wenyewe. Inapita ndani ya kibomba cha chuma cha bushi, na maji yakiingia pale kutu inajaa kati ya bolti na kibomba mpaka vinakuwa kitu kimoja, na ukumbuke magari mengi haya yametembea Japani kwenye mikoa ya theluji ambako barabara zinamwagiwa chumvi, afu yanakuja kwetu huku pwani yanaendelea kula chumvi ya bahari, kwahiyo ukilala chini ya gari usitegemee nati itakuja na rachi ya kawaida.

Nilianza na soketi ya pembe kumi na mbili niliyokuwa nayo zamani. Ikateleza mara moja tu, nikaona pembe za nati zimeshaanza kulika, nikaacha hapohapo. Hapa ndo soketi ya pembe sita inalipa hela yake, inashika nati kwenye ubavu, haishiki kwenye ncha, hata nati iliyolika kidogo bado inaikamata. Nikaisugua nati kwa brashi ya waya mpaka uzi ukaonekana, nikapulizia mafuta ya kutu jioni, nikarudia usiku, nikarudia asubuhi. Afu nikavaa soketi ya 19 na pawa baa, nikakaza kwanza kidogo kabla ya kufungua. Usiruke hiyo hatua, kukaza kidogo kunavunja kutu bila kuburuza uchafu wote kwenye uzi. Nilipogeuza kufungua ikatoa mlio mmoja mkavu kama kuni inavunjika, vumbi jekundu likanimwagikia mkononi, nati imeachia. Mtu wa kilo 80 akiweka uzito wake wote mwisho wa chuma cha sentimita 60 anapata kama Nm 470 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), ni nguvu kubwa mno, rachi ndogo ungeikunja meno. Nati zote kubwa zilitoka hivyohivyo, sikuchomeka bomba la kuongeza urefu hata mara moja. Kwa nati naipa kumi kwa kumi.

Ila sikilizeni hapa vizuri. Nati kutoka sio bolti kutoka. Upande wa kulia nilizungusha kichwa cha bolti, kikaenda robo hivi afu nilipoachia kikarudi chenyewe. Shemeji yangu alikuwa ameshika taa akasema inakuja hiyo, ongeza. Nikamwambia hapana shemeji, ule ni mpira unajinyonga, bolti imeshika kibomba na kinazunguka nacho. Ukiona kichwa kinarudi kama springi weka pawa baa chini, ukiendelea unakata kichwa cha bolti na kazi inakuwa mara tatu. Pale dawa ni muda na nyundo. Nilirudisha nati mpaka ikalingana na mwisho wa bolti ili uzi usipondeke, nikalowesha mafuta siku mbili, afu nyundo ya kilo mbili, mapigo mafupi ya kishindo, na katikati ya mapigo nazungusha kichwa kwenda na kurudi. Ikatoka. Ya kushoto iligoma kabisa, nikakata kwa grainda kati ya linki na habu pande zote mbili, nikang'oa habu nikaipeleka kwa mafundi wenye presi wakasukuma kipande na bushi yake kwa pamoja. Kwahiyo nunueni bolti mpya na nati mpya kabla hamjaanza, msisubiri mpaka mmekata.

Kuhusu mafuta, WD-40 ilitengenezwa 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, herufi zenyewe ndo maana yake, kwahiyo kwa kutu iliyokomaa tafuta kopo lililoandikwa la kupenya kutu na ulipe muda. Na tafadhali sana, ukishapulizia usilete moto. Tochi ya gesi inafungua bolti kweli, ila pale karibu kuna paipu ya breki, tangi haliko mbali na mpira wa bushi unawaka, mimi sikuthubutu nyumbani. Gari pia liwe juu ya stendi mbili na kabari kwenye tairi za mbele, maana unapovuta pawa baa gari zima linatikisika, jeki peke yake itakuua.

Kasoro nilizoziona: pini ya kichwa imeanza kuwa na mchezo, na mpira wa mpini ukishika mafuta unateleza, nimeuvua nikafunga tepu ya nguo. Ni ndefu pia, kwa ndani kule kwenye fremu haizunguki vizuri, zile bolti zenye kamu (kisahani kisicho sawa katikati) ya kurekebisha mwelekeo wa tairi nilitumia ringi spana. Hizo kamu zipigeni alama ya rangi kabla ya kugusa.

Na msikazie nayo. Kukaza ni toki renchi (spana yenye kipimo cha mkazo), na mkazo wa mwisho unafanyika gari likiwa limekaa kwa uzito wake kwenye tairi. Ukikaza linki zikiwa zinaning'inia, ukishusha gari mpira unabaki umejinyonga muda wote na bushi mpya inachanika mapema. Nilipaka grisi ya shaba kwenye mwili wa bolti, sio kwenye uzi, nikashusha gari, nikakaza, kesho yake nikaenda alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi).