Kiti Kipya cha Karti ya Mashindano: Kipi Ununue na Ukifunge Vipi

Karti ya mashindano, yaani kigari kidogo cha mbio kisicho na paa, haina springi wala shokapu. Ekseli yake ya nyuma ni chuma kimoja kinachozungusha magurudumu yote mawili kwa kasi ileile, na kwa sababu hiyo karti haiwezi kupinda kona vizuri mpaka gurudumu la nyuma la upande wa ndani linyanyuke kidogo na kuacha lami. Kinacholinyanyua ni kujikunja kwa fremu pamoja na uzito wa dereva, ambao hukaribia nusu ya uzito wote ulio barabarani, na karibu uzito huo wote huingia kwenye fremu kupitia kiti. Kiti basi ni sehemu ya fremu, na anayekinunua kwa kufuata rangi au jina lililoandikwa mgongoni amenunua kitu asichokijua kazi yake.

Kabla ya kulinganisha aina, pima saizi, kwa kuwa kiti cha kawaida kinachokukaa sawasawa kitakufaa kuliko cha gharama kinachokupwaya. Kaa sakafuni ukiwa umeegemeza mgongo ukutani, umevaa suti ya mashindano na kinga ya mbavu unayoitumia siku zote, kisha mtu mwingine asimamishe vipande viwili vya ubao ubavuni mwa nyonga zako na kupima umbali uliopo kati yake. Linganisha kipimo hicho na jedwali la mtengenezaji husika, si la mwingine. Tillett ya Uingereza na IMAF ya Italia, kwa mfano, kila moja ina namna yake ya kupanga saizi, na herufi M ya huku si lazima iwe sawa na M ya kule.

Jedwali, hata hivyo, halitoshi. Ukipata nafasi, kalia kiti chenyewe kabla ya kukilipia. Makalio yafike chini kabisa, na mgongo uguse kiti bila kuacha uwazi kiunoni. Kiti chembamba mno hukuning'iniza kwenye nyonga, ukabaki umekaa juu kuliko inavyotakiwa, na uzito wako ukapanda juu pamoja nawe. Kiti kipana hukuacha ukiteleza huku na huku katika kila kona, mbavu zikaumia na mikono ikaanza kuushika usukani ili kujizuia badala ya kuuendesha. Tikisa kiwiliwili kulia na kushoto: kiti kifuate mwili wako palepale. Pia angalia kingo za pembeni zisichome mbavu za chini.

Sasa aina zenyewe, kwa mpangilio ambao ningemshauri mnunuzi wa kawaida.

Ya kwanza, bila kusita, ni kiti cha faibaglasi chenye ugumu wa kati na kisicho na sponji. Hujikunja kwa kiasi kinachoeleweka, hupitisha taarifa za lami moja kwa moja hadi mgongoni, na mafundi wengi wa karti wanakijua tabia yake, jambo ambalo lina thamani yake unapoomba msaada kando ya uwanja.

Ya pili ni kiti hichohicho kikiwa na pedi. Kinamfaa dereva mwembamba ambaye mifupa yake ya nyonga imejitokeza, au aliyeangukia katikati ya saizi mbili. Kumbuka kwamba pedi hula nafasi, hivyo saizi hupimwa upya, na kwamba pedi nene hupunguza hisia ya kile ekseli inachofanya. Kinga ya mbavu inayofuata kiwango cha 8870-2018 cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, inabaki kuwa ya lazima hata kama kiti kina pedi, kwa kuwa pedi haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ya tatu ni viti vya faibaglasi vilivyo laini sana au vigumu sana. Kigumu hupeleka uzito kwenye gurudumu la nje haraka, na mara nyingi humfaa dereva mzito. Kilaini huupeleka polepole na husamehe makosa. Ni vyombo vizuri mikononi mwa mtu ambaye tayari anaijua karti yake na anajua anachotaka kurekebisha. Mwingine avikwepe kwanza.

Viti vya nyuzi za kaboni nimeviweka nafasi ya nne, ingawa ndivyo vinavyovutia macho. Ni vyepesi kweli, lakini dereva ambaye, pamoja na karti yake, hafikii uzito wa chini kabisa unaotakiwa na daraja lake la mashindano atalazimika kufunga vipande vya madini ya risasi kurudisha uzito uleule alioulipia uondolewe. Faida anaipata dereva mzito peke yake.

Kiti kilichotumika ni cha tano, nacho kikaguliwe kwenye mwanga mkali. Nyufa nyeupe nyembamba zinazotoka kwenye matundu ya bolti ni dalili kwamba faibaglasi imechoka, na matundu mengi ya zamani yaliyokaribiana huondoa nguvu mahali inapohitajika zaidi. Mwisho kabisa ni viti vya plastiki vya karti za kukodisha. Hivyo vibaki huko.

Ufungaji ndio unaoharibu viti vingi vizuri. Weka fremu juu ya meza iliyonyooka, na anza na vipimo vya mtengenezaji wa fremu: umbali kutoka ekseli hadi ukingo wa juu wa mgongo wa kiti, na kutoka bomba la mbele hadi ukingo wa mbele wa kiti. Tako la kiti lilingane na sehemu ya chini ya mabomba ya fremu au lipande juu kidogo, kamwe lisishuke chini yake, la sivyo litakwaruza kingo za uwanja. Hakikisha kiti hakigusi ekseli wala injini.

Kishikilie kwa utepe, dereva akae, ashike usukani na kukanyaga pedali zote mbili. Breki ikikanyagwa hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Palipo na mizani nne, moja chini ya kila gurudumu, uwiano wa takriban asilimia 43 mbele na 57 nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia, na kushoto na kulia pakaribiane kulingana. Kwa kuwa injini hukaa kulia, kiti kwa kawaida husogea kidogo kushoto. Ndipo uweke alama za matundu kwa kalamu.

Toboa kwanza kwa keekee nyembamba kisha upanue hadi milimita 8, ukiwa umevaa barakoa kwa sababu vumbi la faibaglasi halifai kuingia kifuani. Jambo ambalo watu hulipuuza ni hili: kila mkono wa fremu, yaani chuma kinachotoka kwenye fremu kushika kiti, uguse kiti wenyewe kabla bolti haijakazwa. Ukiona uwazi, ujaze kwa washa (pete bapa za bolti) au uukunje mkono taratibu. Ukiuvuta kwa nguvu ya bolti, fremu itakaa imejikaza kabla hata haijaingia uwanjani, na karti itapinda vizuri upande mmoja na kugoma upande wa pili. Ndani ya kiti tumia bolti za kichwa bapa na washa pana, nje nati zenye pete ya nailoni. Kwenye maungio ya juu, kanuni za kiufundi za karti za FIA zinataka kipande cha kuimarisha chenye unene usiopungua milimita 1.5 na eneo la sentimita za mraba 13 au kipenyo cha milimita 40. Risasi ikifungwa kwenye kiti, kila kipande kipate angalau bolti mbili za milimita 6.

Mikono ya ziada inayounganisha sehemu ya juu ya kiti na beringi za ekseli iache kwanza. Huongeza mshiko wa nyuma, lakini ukiifunga siku ya kwanza hutajua kiti kipya kimebadilisha nini. Baada ya mzunguko wa kwanza wa mazoezi, rudia kukaza bolti zote, kwani faibaglasi mpya hujilaza kidogo chini ya washa.