Mshauri wa kitaaluma kwa mwanafunzi wa uhandisi: huduma ya bure inayotumiwa vibaya

Vyuo vikuu vingi vya Tanzania vinavyofundisha uhandisi humpangia kila mwanafunzi mhadhiri wa kumshauri. Hulipii senti. Ila wengi humjua mshauri wao siku wanayotafuta sahihi ya fomu, na kwa matumizi hayo huduma hii haifiki hata nusu ya alama.

Mshauri wa kweli utamjua akishika kikokotoo. Chukua mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa pili na GPA (wastani wa alama) ya 3.2, anataka daraja la pili la juu linaloanzia 3.5. Shahada ya miaka 4 yenye krediti 480, kila mwaka 120, na miaka yote ikihesabiwa sawa, inambakishia krediti 240. Huyo anahitaji wastani wa 3.8 hadi mwisho. Ni kazi, lakini inafanyika. Akisubiri amalize mwaka wa tatu bado yuko 3.2, atatakiwa apate 4.4, tena katika mwaka ule ule wa mradi. Anayekwambia "kaza buti" bila kukuwekea namba hizo mezani hajakushauri kitu.

Huduma hii hulipa zaidi kwenye keri, yaani kozi uliyofeli unayoibeba kuirudia. Kozi nyingi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Mwanafunzi wa ujenzi akifeli statiki, na sapu (mtihani wa marudio) nayo ikamkatalia, anaibeba hadi mwaka unaofuata huku darasa la uimara wa mata likiendelea juu ya msingi asionao, na uchambuzi wa miundo unamsubiri mbele. Halafu ratiba zinagongana: kipindi cha keri na cha mwaka wake vyote Jumanne saa nne. Mshauri anayejua kazi hulipeleka hilo kwa mtunga ratiba wiki ya kwanza, madarasa yakiwa bado yanahamishika. Na atakukumbusha mapema kwamba vyuo vingi huandika C kwa sapu hata ukiipasua, kwa hiyo "nitarekebisha kwenye sapu" si mpango.

Kwenye PT, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, huduma ni ya wastani tu. Wengi hukagua kama logibuku, daftari la kazi za kila siku, ina mhuri wa kampuni, basi. Wachache huangalia kama kuna michoro, vipimo na maelezo ya kazi ya kila siku, au ni "tulifanya usafi wa mashine" wiki nzima. Logibuku iliyojazwa usiku mmoja inajulikana: wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna hata doa la grisi.

Kwenye mradi wa mwisho, mshauri mzuri huhesabu kalenda kwa kurudi nyuma. Mfano ni zege. Mchemraba wa milimita 150 hupimwa nguvu baada ya siku 7 na siku 28. Muhula ukiwa wa wiki 15 nawe ukamwaga zege wiki ya 10, matokeo ya siku 28 yanakuja wiki ya 14, bado hujapanga foleni ya mashine ya kubonyeza wala kuandika sura ya matokeo. Mchanganyiko wa kwanza ukiharibika, huna wa pili. Kwa hiyo umwage kabla ya wiki ya 5. Wanafunzi wa umeme wana msiba wao: vipuri vilivyoagizwa China baada ya pendekezo kupitishwa, badala ya kabla.

Udhaifu mkubwa uko kwenye mambo ya baada ya kuhitimu. Ni washauri wachache wanaotaja Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kabla hujauliza. Cheti pekee hakikufanyi mhandisi mtaalamu. Unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha unafanya kazi chini ya usimamizi. Mpango wa bodi wa kazi hiyo ya usimamizi, uitwao SEAP, ni wa miaka 3. Uliza ungali chuoni.

Ukienda ofisini, beba matokeo ya mihula yote, mtaala wa programu yako na orodha ya keri. Nenda wiki ya pili. Wiki ya mitihani utamkuta amefukiwa na karatasi za kusahihisha, na sahihi ndiyo pekee utakayotoka nayo.