Viazi vya yungiyungi vya tangi la samaki: kipi ununue kwanza

Pakiti ya "viazi mchanganyiko" iache dukani. Ndani yake huwa na yungiyungi, Aponogeton (mmea mwingine wa majini wenye kiazi) chotara na pengine kitu kisicho na jina, na kila kimoja kina matunzo yake. Nunua kiazi kilichoandikwa jina la kisayansi, kisha kiminye: kiwe kigumu pande zote. Kikibonyea au kikinuka uozo, hakifai. Kuelea si kasoro, kwani kiazi kikavu huweza kuchukua siku kadhaa kunywa maji kabla ya kuzama.

1. Nymphaea stellata, yungiyungi kibete

Nafasi ya kwanza ni yake, na si kwa uzuri tu: kiazi kimoja hutoa miche mfululizo. Kilaze juu ya mchanga kwenye maji ya nyuzi 24 hadi 28 na usikifukie. Wengi hukizika kabisa, kikakosa hewa na kuoza kabla hakijachipua. Majani ya kwanza hutoka kwa kawaida ndani ya wiki 1 hadi 3. Utando mweupe wa kuvu siku za mwanzo ufute kwa kidole. Ila nyama ya kiazi ikilainika chini yake, kitoe siku hiyohiyo kisichafue maji.

Mche huungana na kiazi kwa kikonyo chembamba. Subiri uwe na majani 4 au 5 na mizizi yake yenyewe, ukate kikonyo, kisha upande mche mchangani shingo ikiwa wazi. Kiazi kirudishe juu ya mchanga, nacho kitachipua tena. Ukikosea hapa, kosa huwa ni haraka: mche wa majani 2 bado unakula akiba ya kiazi, na ukitenganishwa hudumaa.

Jani linalokimbilia juu likate karibu na mzizi. Yakiachwa yaelee, mmea huelekeza nguvu huko, na mimea ya chini hukosa mwanga. Anayetaka maua, bila shaka, ayaache.

2. Nymphaea lotus nyekundu

Asili yake ni Afrika Magharibi, na kwa rangi hushinda hilo la kwanza. Linashika nafasi ya pili kwa sababu ya ukubwa: tangi la chini ya lita 100 hulizidi haraka. Lipande kwenye chungu kidogo ndani ya tangi, mizizi ikibanwa majani hayatanuki sana. Kidonge cha mbolea kizike sentimita 5 kutoka kwenye kiazi, kisikiguse. Likizoea hutoa vikonyo vinavyotambaa vyenye miche nchani.

3. Aponogeton crispus

Wa Sri Lanka huyu, na huchipua upesi kuliko wote hapa. Hatoi miche kama yungiyungi. Huzaliana kwa mbegu za ua linalotokeza juu ya maji. Nduguye wa Madagaska, A. ulvaceus, ni mzuri zaidi lakini hupumzika: majani hunyauka yote, na watu hutupa kiazi kizima wakidhani kimekufa. Kikiwa bado kigumu, kiache.

4. Crinum thaianum

Hiki ni kitunguu hasa, si kiazi. Fukia sehemu ya chini tu, shingo ibaki nje. Majani hupita mita 1, kwa hiyo ni wa tangi kubwa pekee. Dai kilichooteshwa shambani, maana porini kusini mwa Thailand mmea huu uko hatarini kutoweka.

5. Barclaya longifolia na Aponogeton madagascariensis

Hawa wawili usiwanunue wakiwa viazi vikavu. Chukua mmea wenye majani tayari, uupande mara moja na usiuhamishe. Barclaya hutobolewa na konokono, hivyo kagua tangi kwanza. Yule wa pili, mwenye majani ya wavu, hutaka maji safi yanayotembea na mwanga wa wastani. Mwani ukijaa kwenye matundu ya majani hautoki bila kuyararua.