Boti mbili za mtumba zenye kebini, hela ni ya moja: uchukue ipi

Shemeji yangu alinipigia simu Jumapili saa mbili usiku, sauti ya mtu ambaye kichwani ameshalipa tayari, ananiambia shem nimeona boti, ina kitanda, ina choo, ina jiko, ina sinki, yaani nyumba kabisa. Nikamuuliza injini iko wapi. Kimya. Halafu akasema, "Injini si iko humohumo ndani, shem." Nikajua hapohapo Jumamosi nitakuwa Kunduchi nimelala kifudifudi kwenye boti ya mtu na tochi mdomoni.

Ana watoto wawili, mke, na mama mkwe ambaye anapenda bahari kuliko wote. Wanachotaka ni kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo hapo Dar wikendi, mara mojamoja Unguja. Alikuwa ameshachuja akabaki na mbili. Ya kwanza ni ya Kimarekani, futi 28, petroli V8 imekaa chini ya sakafu na mguu wake, yaani sehemu yenye propela, umetoka nyuma. Ya pili ni ya Kifaransa, mita saba na ushee, ina kibanda cha nahodha chenye vioo na mlango wa kusukuma, kitanda kidogo mbele, na mashine ya nje ya hp 200 (nguvu za farasi) imening'inia nyuma. Chapa siitaji, matatizo niliyokuta ni ya matunzo, si ya kiwanda. Na cha ajabu ile kubwa ndiyo ilikuwa na bei ya chini! Shemeji akaona kaokota dodo chini ya mwarobaini.

Nianze na jibu kabisa usije ukasoma mpaka chini kwa presha. Kwa familia ya pwani yetu, boti inayolala kwenye maji ya chumvi, namba moja ni ya mashine ya nje, hata kama ni ndogo, hata kama kitanda chake unalala umekunja magoti. Namba mbili ni ile kubwa ya injini ya ndani, na yenyewe kwa masharti. Namba tatu, na hii watu wanaidharau sana, ni boti ya faiba ya kuundwa hapahapa yenye paa la turubai na mashine ya nje, haina kebini wala choo lakini kama safari zako ni Mbudya na kurudi saa kumi jioni basi kebini ya nini. Boti isiyo na injini, ile unayoambiwa "injini utatafuta tu mkuu, zipo nyingi", hata sijaipanga, hiyo ni bustani ya maua.

Sasa sababu. Hapa Dar boti nyingi hazilali kwenye gati, zinafungwa kwenye boya, zinakaa majini wiki nzima zikikusubiri Jumamosi. Mashine ya nje ukishafika unaiinua, propela na mguu vinabaki juu vinakauka. Mguu wa injini ya ndani hata ukiuinua wote kuna sehemu inabaki imezama, usiku na mchana, mwaka mzima. Magamba yanashika, zinki, vile vipande vya chuma vinavyofungwa viliwe badala ya mguu, zinaisha, na kibaya zaidi kuna mpira wa mikunjo, ule unaofanana na kinanda cha mkono, unaozuia maji yasiingie pale shafti inapopita kwenye ukuta wa nyuma wa boti. Mpira wenyewe haufiki ukubwa wa bakuli la supu. Ukichanika, maji ya chumvi yanaingia kwenye beringi kwanza, unaanza kusikia ngurumo kama ya gari lenye beringi mbovu ya tairi, na ukipuuza yanaendelea mpaka kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti. Betri ya pampu ya kutoa maji ikiisha nguvu, boti inazama palepale kwenye boya lake, bahari imetulia, hakuna mtu ndani.

Kwa hiyo kwenye ile ya Kunduchi kitu cha kwanza sikuangalia kitanda. Nilimwomba kijana anayeilinda augeuze mguu upande mmoja kwa usukani halafu nikaingiza kidole kwenye mikunjo ya mpira nikaifungua. Katikati ya mikunjo kulikuwa na mipasuko midogomidogo kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Bado haijatoboka, ila siku zake zinahesabika. Nikamuuliza ilibadilishwa lini, akasema "bosi anajua". Bosi tukampigia, akasema fundi anajua. Fundi kahamia Mtwara. Basi.

Kitu cha pili ni manifoldi, yaani bomba za kutolea moshi wa injini. Hizi V8 za petroli, ukiangalia boti za Bayliner na Sea Ray za mtumba nyingi utakuta ndani injini ya MerCruiser, maana hizo kampuni zote zimekuwa chini ya Brunswick ambao ndio wenye Mercury, watengenezaji wa MerCruiser, na kiukweli injini yenyewe si mbaya, bloku ni ileile ya magari ya General Motors, lita 5.7, vifaa vyake vya ndani vimejaa duniani. Shida ni chumvi. Moshi unatoka kupitia manifoldi za chuma cha kuyeyushwa ambazo zinapozwa na maji ya bahari, kutu inakula kutokea ndani, nje unaona rangi nzuri imepakwa juzi. Siku ukuta ukitoboka maji yanarudi kwenye silinda na injini inajifunga. Kwa maji ya chumvi watu wengi wanazihesabia miaka mitano mpaka saba halafu zinatupwa. Akikwambia hajawahi kubadilisha na boti ina miaka kumi na tano, usifurahi kwamba zimedumu, jua kwamba zamu yako ndiyo imefika. Uliza pia kama injini inapozwa na kulenti kama gari, maji ya chumvi yanapita kwenye kipozeo na njia ya moshi, si kwenye bloku. Ikiwa hivyo bloku angalau imepona. Ya Kunduchi haikuwa hivyo.

Halafu kuna jambo la petroli kwenye chumba kilichofungwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unakaa kwenye ngama, ndiyo maana boti za hivi zina feni ya kunyonya hewa na unatakiwa uiwashe dakika nne nzima kabla hujagusa ufunguo. Nilibonyeza swichi ya feni. Haikulia. Kijana akasema "hiyo huwa hatuitumii." Nilimwangalia shemeji, shemeji akaangalia Mbudya.

Mambo ya mafuta nayo yapigie hesabu mapema. Kuna kipimo cha kienyeji ambacho si cha maabara ila kinasaidia: kila hp 10 ukikanyaga mpaka mwisho zinakunywa kama galoni moja ya Kimarekani kwa saa, yaani lita 3.8. Injini ya hp 300 hapo ni lita 114, ya hp 200 ni lita 76, na ukitembea kistaarabu piga nusu na kidogo juu. Dar mpaka Unguja ni kama maili 40 za baharini, kwa mwendo wa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, ni saa mbili. Ile kubwa inakula lita 120 hivi kwenda tu, ndogo 80. Na mafuta unagawa mafungu matatu, fungu la kwenda, la kurudi, na la kusi likikugeuzia kibao kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Safari ya Unguja na familia kwa injini moja mimi naisubirisha mpaka tanga mbili, ule msimu upepo unapobadilika, au kaskazi lililotulia, na hata hapo naenda na chombo kingine.

Sasa kebini, ndicho kilichomleta mtu huku kwanza. Ile kubwa kebini iko chini mbele, unaingia umeinama, ina vidirisha vya duara na kimfuniko juu. Kwenye picha inapendeza sana. Mwezi wa pili Dar, saa saba mchana, mmetia nanga, V8 imezimwa lakini bado inafuka joto chini ya miguu yenu, ingia humo ukae dakika kumi uniambie. Watoto wakishuka humo boti ikiyumba hawaoni upeo wa bahari, wanatapika. Wanaishia wote kubanana nje chini ya kiturubai na kebini inageuka stoo. Ya pili ile ya kibanda, vioo vinafunguka pande zote, mama mkwe anakaa kivulini anaona nje, mvua ya masika ikija unasukuma mlango mnaendelea na story. Kitanda ni kidogo, choo unafungua mlango magoti yako yako nje, sikufichi.

Ila nisiwe mnafiki, kuna watu ile kubwa inawafaa. Kama unakaa Mwanza na boti itakuwa Ziwa Victoria, mapungufu niliyoyasema ya chumvi karibu yote yanapungua nguvu, manifoldi zinadumu, na unapata nafasi kubwa kwa hela ndogo. Hapo ningeipanga namba moja bila kupepesa. Au kama una trela na gari la kuivuta, boti inalala nchi kavu na kila ukirudi unaisafisha injini kwa maji ya bomba. Au kweli mnalala humo usiku, si kwa kusema tu. Lakini boya, pwani, safari za mchana? Hapana.

Ukaguzi wenyewe usiufanye kwa picha za WhatsApp. Anza nyuma ya boti, upande wa kulia juu, kuna namba imechongwa au imebandikwa kwenye faiba, zile mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Tuliambiwa ya 2014, namba ikaishia na 06. Muuzaji akasema 2014 ndio mwaka ilioingia nchini, sawa kaka, na mimi nilizaliwa mwaka nilioanza kazi. Kisha chukua nyundo ya plastiki gongagonga ukuta wa nyuma na sakafu taratibu, faiba nzima inalia kavu, sehemu mbao ya ndani imeoza inalia bubu kama kugonga gunia la mchanga. Kwenye mashine ya nje legeza kidogo ile skrubu ya chini ya giaboksi, oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Pima kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote, ziwe karibukaribu, moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi hapo kuna mazungumzo. Za kisasa fundi mwenye kompyuta anachomeka anasoma saa halisi ambazo injini imefanya kazi, saa za kwenye dashibodi usiziamini.

Na muuzaji mwambie asiiwashe kabla hujafika. Tulipoenda kuona ile ya pili, ilikuwa kwenye yadi Mbezi, niliweka kiganja juu ya mashine nikakuta ya moto wakati tulikubaliana. Nikamwambia shemeji tunaondoka, turudi kesho asubuhi. Muuzaji akaanza kulalamika tunampotezea muda. Kesho yake ikawaka kwa mara ya kwanza ikiwa baridi kabisa, kumbe jana alikuwa anaisafisha tu kwa maji ya bomba, lakini mimi ningejuaje.

Makaratasi usiache mwisho. Usajili na cheti cha ukaguzi wa chombo ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli) kwa Bara, kwa Zanzibar ni ZMA (mamlaka ya usafiri baharini ya huko), na kama iliagizwa kutoka nje uone ushahidi wa ushuru wa forodha. Jina kwenye karatasi lifanane na la mtu anayepokea hela yako. Boti ya "mzungu aliondoka akaniachia" ina hadithi ndefu ambayo wewe ndiye utaimalizia ofisini kwa watu.

Kwa bei, nilimkalisha shemeji tukaandika kwenye karatasi ya bahasha. Ile kubwa: manifoldi pea, mipira ya mguu yote mitatu, beringi, feni, zinki, kuipandisha chelezoni na siku za fundi. Tukijumlisha ile nafuu ya bei iliyokuwa inamtoa udenda ikaisha yote, na hapo bado haijachoma hata lita moja. Ile ya Mbezi ilikuwa na silinda ya kuinulia mashine inavuja mafuta na viti vimepasuka. Tukatumia hivyo viwili kukata bei, tukakataa kulipa mpaka iingie majini dakika arobaini, tukiwa sisi wawili na muuzaji mwenyewe, si kijana wake.

Wamekwenda nayo Mbudya Jumapili tatu mfululizo. Mama mkwe ana kiti chake upande wa kushoto ambacho hakikaliwi na mtu, na kile kitanda cha mbele kina majaketi ya kuokolea, kapu la samaki na viatu vya watoto.