Mkopo nimemaliza, hati "iko Dar"

Deni la benki nililipa mpaka shilingi ya mwisho, tena kabla ya tarehe, masika yale. Hati ya nyumba yetu nimeipata juzi.

Siku ya kuiweka rehani nyumba ya Pasua, Moshi, mambo yalikwenda fasta. Wakili yupo, mume wangu kaitwa kusaini ridhaa ya mwenza, picha za pasipoti, muhuri, hela hiyo. Kuitoa sasa! Mara faili liko Dar, mara mwanasheria kaenda likizo, mara njoo Jumatatu. Jumatatu ipi, hasemi mtu.

Kilichoniudhi hasa ni yule kijana wa mikopo, rika la kitinda mimba wangu. Nimemkuta anamenya chungwa juu ya meza. Shikamoo hakunipa, kichwa hakuinua. "Mama, si umeshamaliza deni? Hati unaikimbilia ya nini, nyumba si unalala humo humo?" Maji ya chungwa yakachuruzikia barua yangu ya kumaliza mkopo, akaipangusa kwa kiwiko. Kwa kiwiko!

Mwanangu, kumaliza mkopo hakufuti rehani. Benki isaini fomu ya kuifuta, igonge muhuri, fomu iende na hati kwa Msajili wa Hati kule ofisi ya ardhi, ndipo nyumba inakuwa huru. Tulishapata mnunuzi sisi. Akafanya upekuzi wa hati huko huko, akaikuta rehani bado imekaa, akatuaga kwa heshima zote. Hakurudi.

Wiki ile ile nikapigiwa simu na benki hiyo hiyo: "Hongera mama, unaweza kuongezewa mkopo, dhamana yako tunayo." Kumbe mnayo!

Nisiwe mnyimi wa haki, bila mkopo ule duka letu lisingesimama, na dada wa dirishani ana adabu zake. Nilitaka kuandika kopeni tu, ila mjipange mapema kuidai hati. Lakini nikilikumbuka lile chungwa... hapana, nendeni kwingine. Mpaka mume wangu alipowapelekea barua ya wakili ndipo faili "lilipowasili", ndani ya siku tatu. Ofisi ya ardhi, niliyokuwa naiogopa kuliko wote, ilinipokea, ikanipa risiti, ikaniambia siku ya kurudi, na siku hiyo kazi ilikuwa tayari.

Jana wamenipigia tena, kama nahitaji mkopo. Nimewaambia faili langu liko Dar.