Masomo manane ya kuogelea kwa mtoto asiyetaka kuzamisha kichwa: uzoefu wangu

Mwanangu ana miaka saba. Mpaka mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa namwosha nywele kwa kitambaa kibichi, maana kopo likikaribia tu paji la uso alilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kigamboni tukienda, wenzake wanaingia baharini, yeye anabaki mchangani.

Hofu hii najua ilikoanzia. Alipokuwa na miaka mitano tulimwandikisha darasa la kuogelea wakati wa likizo, watoto kumi na wawili, mwalimu mmoja. Siku ya pili mwalimu alimshika kisogo akamzamisha, eti azoee. Akaibuka amepaliwa, maji yanamtoka puani. Mimi sikuwapo, dada wa kazi ndiye aliyenisimulia. Mpaka leo naumia nikikumbuka kwamba wiki ile ile nilimrudisha, nikidhani anadeka.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Pangani. Alisema wao walitupwa kutoka kwenye ngalawa na wakajua. Namheshimu baba, na kuogelea anajua kwelikweli. Lakini nilipomuuliza taratibu utoto wao ulikuwaje, alinieleza walivyoshinda kwenye madimbwi maji yakipwa, wakisaka kaa na kurushiana maji, tangu hawajaanza shule. Kumbe siku ya kutupwa, uso ulikuwa umeshazoea maji miaka mingi. Mwanangu amekulia ghorofa ya tatu.

Ndipo nikampata dada mmoja anayefundisha mtoto mmoja mmoja kwenye bwawa la hoteli ndogo, upande wa Mbezi Beach. Nusu saa ni Sh 25,000 pamoja na kiingilio. Nililipia masomo manane, yaani Sh 200,000, hela ambayo kwetu ilibidi ipangiwe.

Somo la kwanza mtoto hakuingia majini. Walikaa ukingoni, miguu ndani. Mwalimu akamwambia: "Kichwa ni chako. Mimi sitakizamisha, na mama hatakizamisha. Siku ukitaka, utakizamisha mwenyewe." Kisha akampa kikombe cha plastiki ajimwagie mguuni, gotini, begani, kwa mkono wake. Nusu saa ikaisha. Nakiri nilipiga hesabu ya hela yangu njiani kurudi nyumbani. Lakini jioni ile aliomba kopo bafuni ashike mwenyewe, na akajimwagia kisogoni. Miaka miwili nilikuwa sijaliona hilo.

Kilichonifungua macho ni somo la tatu. Sisi wazazi tukiwa majini tunapiga kelele, "Bana pumzi! Bana pumzi!" Mtoto anajaza mashavu, anakakamaa mwili mzima, akiibuka anavuta hewa kwa pupa pamoja na maji. Mwalimu huyu hata siku moja hakusema bana. Alisema toa. Alimfundisha kufumba mdomo na kuvuma "mmmm", kidole kikiwa chini ya pua asikie hewa inavyotoka. Pua inayotoa hewa haiingizi maji, basi. Wakavuma kidevu kikiwa majini, kisha mdomo, kisha pua, mapovu yakichemka. Nyumbani tuliendelea kwa beseni la maji ya uvuguvugu, mimi naye, kila mtu na beseni lake.

Kuhusu miwani: nilikuwa nimenunua Kariakoo ile kubwa inayofunika macho na pua. Mwalimu aliiweka kando, akasema pua ikizibwa mtoto hajifunzi kutoa hewa puani. Akaniambia nitafute ndogo ya macho tu, na kabla sijalipa niibandike usoni kwa mtoto bila kuvuta mkanda. Ikijishika yenyewe kidogo, inamfaa. Ikidondoka hapo hapo, itapitisha maji. Nilijaribu tano ndipo moja ikashika. Hata hivyo kila somo lilikuwa na dakika chache bila miwani, kwa sababu anayetumbukia kwa bahati mbaya hatakuwa ameivaa.

Somo la sita aliweka kijiko cha chuma kwenye ngazi ya kwanza ya bwawa. Mtoto akanyoosha mkono, hakufika. Akainama, sikio likaloa. Akasimama kidogo. Kisha nikasikia "mmmm" na kichwa chote kikapotea. Mwalimu alikuwa ameniomba mapema nisipige makofi wala picha, ili mtoto asijione yuko mtihani. Nilifumba mdomo kwa mkono. Aliibuka na kijiko, akapangusa macho, akauliza, "Kingine kiko wapi?"

Somo la saba mtoto wa mgeni mmoja aliruka karibu yake, maji yakampiga usoni, akarudi kung'ang'ania ngazi. Mwalimu akachukua kikombe kile kile cha siku ya kwanza, wakaanza tena begani. Hakumwambia "mbona juzi uliweza". Kwa hilo peke yake ningempendekeza kwa mzazi yeyote.

Yapo yasiyonipendeza. Bwawa halina kivuli, na kufika saa nne jua linachoma. Mara mbili tulianza kwa kuchelewa kwa sababu ya wageni wa hoteli. Siku moja dawa ilizidi kwenye maji, macho yakawa mekundu mpaka usiku. Na ujue kwamba masomo manane hayakumfanya aogelee. Anazamisha uso, anaokota vijiko, anaelea chali kwa muda mfupi mkono wa mwalimu ukiwa chini ya kisogo chake. Ukitaka mtoto avuke bwawa kwa mwezi mmoja, utasikitika.

Mimi sikusikitika, ila ulinzi nimeuongeza. Mtoto aliyeacha kuogopa husogea kwenye kina bila kuuliza, na maboya ya mikononi huchomoka. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa, lakini mtoto mdogo mara nyingi huzama kimya, bila kelele. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo akiwa majini nakaa naye ndani, umbali wa mkono, simu nimeiacha kwenye mkoba.

Nimeshalipia manane mengine. Tumehamia Jumamosi saa mbili asubuhi, jua halijakaza. Baba mkwe ameomba aje kutazama, nami nimeshamwomba asipige makofi.