Uzoefu wangu: huduma ya wakili ya kuandaa hati ya kubadili jina

Huduma hii naipa nyota nne kati ya tano. Inamfaa mtu mzima anayeishi kwenye nchi inayofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, ambako mara nyingi jina hubadilishwa kwa hati unayosaini mwenyewe. Katika majimbo mengi ya Marekani ombi hupelekwa mahakamani, na Ujerumani hudai sababu nzito, kwa hiyo ulizia utaratibu wa nchi yako kabla ya kumlipa mtu.

Hati yenyewe ni fupi. Ina matamko matatu: unaliacha jina la zamani, utatumia jipya wakati wote, na unataka watu wote wakutambue kwa hilo. Unasaini mara mbili, jina la zamani na jipya, mbele ya shahidi. Shahidi asiwe ndugu wala mwenzi wako.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba wakili aliitisha nyaraka zote kabla ya kuandika chochote. Hapo ndipo wengi wanapokwama, tena kwenye jina la zamani! Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, kitambulisho kinasema Muhammad, benki imeongeza jina la babu. Hati ikitaja moja tu, ofisi yenye tahajia nyingine itakurudisha, maana kwao anayebadili jina ni mtu mwingine. Dawa yake ni kuorodhesha majina yote kwa maneno “anayejulikana pia kama”. Ukiwa unataka kusawazisha tahajia tu, uliza kwanza kama kiapo cha maandishi kitatosha; mara nyingi kinatosha, na gharama yake ni ndogo.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu bei ya mwanzo haikujumuisha usajili wa hati, tangazo la kubadili jina wala nakala za ziada. Uliza hayo mapema. Omba nakala tano au sita zilizothibitishwa, kwani fotokopi ya kawaida hukataliwa na baadhi ya ofisi hubaki na nakala yako.

Wakili hatakuzungushia hati maofisini, hiyo ni kazi yako. Anza na kitambulisho, halafu pasipoti, ndipo uende benki, kodi, leseni, pensheni na hati za mali. Ukianza na benki, utaambiwa urudi na kitambulisho kipya. Kama una tiketi ya ndege au viza ya jina la zamani, safiri kwanza, kwa sababu jina la tiketi lazima lifanane na la pasipoti. Vyeti vya shule kwa kawaida havibadilishwi, hivyo kila unapoomba kazi ambatisha nakala ya hati. Madeni na mikataba inabaki kuwa yako vilevile.

Kabla ya kusaini, soma rasimu herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wa majina. Kosa likishasajiliwa, mara nyingi hulazimu hati nyingine na ada nyingine.